Chetezo Kilichohama Nyumbani kwa Datuk Ooi

Uvumi ulimfikia Sajini Foo Siew Ngoh sokoni, kwenye meza ya muuza tauhu, ile jibini ya soya. Walisema Datuk Ooi Teik Hin anataka kukitoa chetezo cha mungu nyumbani kwake akipeleke kwenye ofisi yake ya chama, na kwamba atakayekuwa anawasha udi ni karani wake, yule binti Yap Sook Yin. Hawakuongeza neno. Hawakuwa na haja. Pale mjini Sungai Lempur kila mtu anajua kwamba hekaluni kila mwaka huchaguliwa mlezi wa chetezo, naye hukaa nacho nyumbani kwake mwaka mzima, na udi huwashwa asubuhi na jioni na mke wa nyumba. Anayewasha ndiye mke.

Sajini alijaribu kuuacha uvumi ule palepale kwenye maji ya tauhu. Haukuachika. Ulimfuata mpaka kituoni, ukala naye chakula cha mchana, na Jumamosi, kichwa kikiwa kimelazwa kwenye beseni la msusi, ukamtoka. Hakusema mengi. Alisema, "Mimi sijui, lakini ndivyo wanavyosema." Akausikia utamu wake, na hilo hakulikana baadaye. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa akimtazama mke wa Datuk akishuka kwenye gari jeusi mbele ya kumbi, huku yeye amesimama juani akiongoza magari.

Jumanne iliyofuata chetezo kikapotea.

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa mbili asubuhi Inspekta Rosman alimwita mezani kwake.

"Sajini, yule mfanyakazi wa ndani anapelekwa mahakamani saa nane mchana. Amri ya kumshikilia inaisha leo."

"Ushahidi gani, Inspekta?"

"Alikuwa peke yake nyumbani. Mlango wa nyuma haukuvunjwa. Funguo anazo yeye. Na kesho chama chao kinapitisha majina ya wagombea. Datuk ananipigia simu kila baada ya saa moja. Mji mzima unasema mungu amemkimbia. Nani atampigia kura mtu aliyekimbiwa na mungu?"

"Nipe mpaka saa nane."

"Saa nane kasoro," alisema Inspekta. "Mimi si Mchina, Sajini. Mambo ya meza ya mungu wenu siyajui. Wewe unayajua. Nenda."

Alianzia mahabusu. Tarmini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, wa Java, mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani na kukaa kwa adabu kama mgeni. Siku mbili alikuwa amekula wali mkavu tu, nyama hakuigusa.

"Ulikigusa kile chetezo?"

"Sajini, mimi hata vumbi la meza ile sifuti. Siyo mambo ya dini yangu. Na Mama mwenyewe haruhusu. Anafuta yeye, anawasha yeye, hata maua anabadili yeye."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Uani, nafua mashuka. Mama aliniambia nifue mashuka yote ya nyumba."

"Yote? Siku moja?"

"Yote. Hata ya chumba cha wageni, na hakuna mgeni. Sajini, jela siiogopi sana. Ninachoogopa, wakinirudisha, jina la mwizi litafika kijijini kabla yangu. Binti yangu ndiye atakayelisikia kwanza, njiani, akienda shule."

Sajini aliandika *mashuka yote* akapigia mstari.

Nyumbani kwa Datuk alipokewa na Datin Khor Gaik Choo mwenyewe, mke wa Datuk. Hapo zamani, Sajini akiwa msichana wa shule, alikuwa akinunua biskuti za ufuta kwa mama huyu, akimwita Dada Choo. Sasa alivua viatu mlangoni akasema, "Samahani, Datin."

Meza ya mungu ilikuwa sebuleni, ndefu, nyekundu. Mahali chetezo kilipokuwa palikuwa na kipande cha karatasi nyekundu kimelazwa vizuri. Hapakuwa na punje ya majivu, juu ya meza wala sakafuni. Chini ya meza, vibao viwili vya kumwulizia mungu, vyenye umbo la nusu mwezi, vilikuwa bado vimelala kama vilivyoanguka: kimoja kimelalia tumbo, kingine kimelalia mgongo.

"Havijaguswa?"

"Polisi walisema tusiguse kitu."

Sajini alichuchumaa. Kimoja juu, kimoja chini: mungu amekubali. Basi mwizi huyu alisimama hapa, akatoa vibao, akamwomba mungu ruhusa ya kumwibia. Kisha akabeba shaba yenye uzito wa mtoto, imejaa majivu mpaka ukingoni, asimwage hata chembe. Kisha akaweka karatasi nyekundu, maana mahali pa mungu hapaachwi uchi. Mwizi wa kuuza shaba angemwaga majivu uani na kuondoka.

"Huyu mtu ana heshima," alisema.

"Wezi siku hizi wamesoma," alisema Datin, akimimina chai.

Sajini alipokea kikombe. Ncha za vidole vya Datin, dole gumba na viwili vinavyofuata, zilikuwa na rangi ya waridi, kama aliyemenya matunda.

"Udi mnawasha wapi sasa, Datin?"

"Hatuwashi. Tuuwashe kwenye nini? Tangu Jumanne sijashika hata kijiti." Alifunika birika. "Kaulize kwa Lau Cheng Poh. Yule ndiye mwenye roho mbaya na sisi."

Hata Inspekta alikuwa na jina la Lau kwenye daftari lake. Lau alikuwa mshirika wa Datuk enzi za biskuti, na kwenye sikukuu ya hekalu mwaka huu waligombea ulezi wa chetezo. Vibao vilimpa Datuk kura tisa za mungu, Lau nane.

Sajini alimkuta Lau kwenye uwanja wake wa kutengenezea mchuzi wa soya, kati ya mitungi mikubwa iliyoanikwa juani, akikoroga mmoja kwa mti.

"Ah Ngoh!" alimwita kwa jina la utotoni. "Umekuja kunifunga? Ngoja nifunike mtungi, mvua haina adabu."

"Nimekuja kuuliza, Kaka Lau. Jumanne asubuhi?"

"Hapa. Iulize mitungi." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Unataka kujua nani anamchukia Ooi? Andika: mimi. Andika kwa wino. Tulianza naye na baiskeli moja, madebe mawili ya biskuti, la kwangu na lake. Mimi nilikuwa naendesha, yeye anakaa nyuma anatabasamu. Kazi yake ilikuwa kutabasamu! Tukapata tanuri. Leseni ya tanuri kubwa ikakwama wilayani mwaka mzima. Akaenda kujiunga na chama. Akaniambia, Cheng Poh, ni kadi tu, tupate leseni tutoke. Leseni ikaja wiki ya tatu. Ulimwona ametoka?"

"Hakutoka."

"Alijiunga kwa leseni, akabaki kwa makofi. Akatoa viti vya shule ya Kichina, makofi. Akajenga choo cha shule, jina lake mlangoni, hata chooni watu wanamshukuru. Akawa mweka hazina wa tawi, mwenyekiti wa tawi, akapewa cheo cha heshima cha Datuk. Sasa anataka kiti cha bunge la jimbo. Na mimi? Mimi nipo na soya. Akipita na gari lake ananipungia mkono kwa vidole viwili. Viwili, Ah Ngoh! Hata vitatu hanipi."

"Kwa hiyo chetezo kilikuuma."

"Kiliniuma kuliko tanuri. Tanuri amenishinda kwa ujanja. Chetezo alinishinda mbele ya mungu."

Alipoinua mti kuung'uta, Sajini aliona kipande cha kitambaa cheusi kimebanwa kwa pini kwenye mkono wa kulia wa shati lake, kimefifia kwa jua.

"Mama yako ana siku ngapi tangu afariki?"

"Sitini na nne." Sauti ya Lau ilishuka. "Mpaka zitimie mia sikanyagi hekaluni. Hata udi wa nyumbani anawasha shemeji. Unadhani nitashika chetezo cha mungu na msiba mkononi? Nina wivu, Ah Ngoh. Wazimu sina."

Sajini alifunga daftari. Mwizi aliyeuliza vibao na kutandika karatasi nyekundu asingethubutu kushika chetezo akiwa na msiba. Kijicho cha Lau kilikuwa kikubwa kuliko cha mtu yeyote mjini, na kilikuwa safi.

Ilikuwa saa tano na nusu alipoingia ofisi ya chama. Chama cha Mwafaka wa Wachina kilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Yap Sook Yin alikuwa nyuma ya mashine ya chapa, amezungukwa na mabango ya tabasamu la Datuk.

"Umekuja kwa lile la udi," alisema kabla hajaulizwa. "Mama yangu amelisikia, mpaka muuza samaki amelisikia. Kaa, Sajini. Kiti hicho kibovu, chukua kile."

"Ni kweli kinahamia hapa?"

"Kikae wapi? Nionyeshe." Alinyoosha mkono. Makabati, mashine, mabango. "Mwezi uliopita fundi alileta meza ile ndefu ya kikao. Amezoea kutengeneza meza za mungu, akaipaka nyekundu. Ikapandishwa ngazi mchana kweupe, sokoni wote wanatazama. Kufika jioni nimeshaolewa na Datuk. Sajini, mzee yule ananuka dawa ya mgongo! Mchumba wangu ni mwalimu, yuko Taiping, na ameshanipigia simu mara mbili anauliza kuna nini."

Sajini aliitazama meza. Meza ya kikao, ina alama za vikombe. Akaipapasa moja kwa kidole.

"Datin alipata kuja hapa?"

"Jumatatu. Alisimama pale mlangoni akaiangalia meza, muda mrefu. Nilimkaribisha chai hakuingia. Kisha akaniomba ufunguo wa duka la zamani, Mtaa wa Soko, kule walikoanzia biskuti. Alisema anatafuta vibao vya kukatia keki za mwaka mpya."

"Mwaka mpya uko mbali."

"Nilidhani ni mtu wa kujiandaa mapema."

"Ufunguo amerudisha?"

"Bado."

Sajini alikwisha simama. Vidole vya waridi. Vijiti vya udi hupakwa rangi kwenye mpini, na mkono wenye jasho huichukua. Ya juzi ingekuwa imeshatoka kwa sabuni. Ile ilikuwa ya leo asubuhi.

Mlango wa chuma wa duka la zamani ulikuwa umeinuliwa kidogo, kiasi cha mtu kuinama. Harufu ya udi ilitoka mpaka barazani. Ndani, juu ya meza ya kukandia unga, chetezo kilikuwa kimeelekezwa mlangoni kama inavyotakiwa, vikombe vitatu vya chai mbele yake, machungwa matano, na vijiti vitatu vinafuka. Datin alikuwa ameketi juu ya debe la biskuti, mikono magotini.

"Ingia, Ah Ngoh. Nimekuona asubuhi unaviangalia vidole vyangu."

"Kwa nini, Dada Choo?"

"Nimemrudisha mungu nyumbani kwake. Hapa ndipo tulipoanza. Huyu Lau anapenda kuhadithia baiskeli, na yule mwingine anapenda kuhadithia madebe. Ndani ya madebe kulikuwa na nini? Hewa? Mimi nilikanda. Nilikanda nikiwa na mimba, nilikanda siku ya tatu baada ya kujifungua. Nimekaa kwenye hotuba zake zaidi ya hamsini, meza ya mbele. Anasema, 'Mimi nilianza bila kitu.' Anapiga kifua. Mara moja tu angenyoosha kidole pale nilipokaa! Nikasema sawa. Nyumba yake, gari lake, chama chake, lakini udi ni wangu. Halafu nasikia udi nao unapewa yule binti."

"Ulimwuliza mungu?"

"Nilimwuliza."

"Akakubali mara tatu mfululizo, kama inavyotakiwa?"

Datin alitazama chai. "Alikataa. Nikarusha tena. Alikataa mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akakubali, nikaviacha vibao chini vile vile, mtu yeyote asije akasema nimeiba."

"Dada Choo, hapo hakukubali. Hapo alichoka."

Mama mtu mzima alitaka kucheka, uso ukamkunjamana.

"Na meza ya ofisini ni ya kikao," alisema Sajini. "Nimeiona kwa karibu. Hakuna udi unaohama. Binti ana mchumba. Nani alikwambia?"

"Msusi. Nikamwambia usiniletee umbea. Akasema huu si umbea, kausikia kwa mtu wa polisi."

Sajini alivua kofia. "Mtu huyo wa polisi ni mimi."

Vijiti viliendelea kufuka. Datin alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, polepole, kama anayempima nguo.

"Kumbe. Na wewe ulinionea wivu kwa kitu gani, Ah Ngoh? Gari?"

"Gari."

"Ungeniomba ningekupakia." Alinyoosha mikono yake miwili. "Haya, nifunge pingu. Nyingine jifunge mwenyewe."

"Sikufungi. Tarmini amelala chini kwa ajili yako siku mbili, saa nane anapelekwa mahakamani. Twende."

"Nilidhani wangemwachia siku ileile."

"Ulimpelekea hata sabuni?"

Datin alizisubiri sentimita mbili za udi zilizobaki ziishe, ndipo akainuka.

Kituoni walimkuta Datuk Ooi ameshafika, na wazee wawili wa tawi. Alikuwa na tabasamu la kwenye mabango. Sajini alimweleza Inspekta kwa maneno machache, mlango ukiwa umefungwa, Datuk na mkewe ndani. Tabasamu halikuondoka, lilipoa tu.

"Basi vizuri," alisema Datuk. "Kimepatikana. Tuseme kimeokotwa. Inspekta, kesho saa sita majina yanapita. Miaka ishirini na mbili nimepanda ngazi hii. Mke wangu akiandikwa kwamba ameiba chetezo cha mungu, nimekwisha. Yule msichana nitamkatia tiketi, arudi kwao kimyakimya. Hakuna anayeumia."

"Atarudi akiwa mwizi," alisema Sajini.

"Kwao nani anamjua?"

Inspekta alitazama saa ukutani. Saa nane kasoro dakika ishirini. "Datuk, hapa kuna maelezo ya mke wako ya Jumanne, yanasema nyumbani hakukuwa na mtu mwingine ila mfanyakazi. Hayo ndiyo niliyonayo yenye sahihi. Asipoandika mengine, mimi nampeleka mfanyakazi mahakamani."

Wote wakamgeukia Datin. Datuk alimwegemea, akasema kwa sauti ya chini, ya ndani ya nyumba. "Ah Choo. Kesho, jukwaani, nitakutaja. Kwa jina. Nitawaambia watu wote nani alikanda."

Hapo ndipo Sajini alipoogopa. Alimwona mama yule anameza mate. Kile alichokisubiri meza ya mbele hotuba hamsini kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, na kilikuwa na bei.

"Ungelisema mwaka jana," alisema Datin, "ningekwenda jela kwa ajili yako." Akavuta karatasi. "Nipe kalamu, Inspekta. Sijui kuandika haraka, mnivumilie."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Datuk alitoka kabla hajafika nusu, akawakuta wazee wa tawi koridoni, na sauti zao zikashuka ngazi pamoja.

Tarmini alitolewa saa nane kasoro dakika tano. Datin alisimama mbele yake, mfuko begani, hajui mikono aiweke wapi.

"Yamekwisha, Tarmini. Twende nyumbani."

Tarmini alifunga kitambaa chake vizuri. "Pasipoti yangu, Mama. Ipo kabatini mwako, droo ya chini, tangu siku niliyofika."

"Utaondoka?"

"Naiomba pasipoti kwanza. Nikiwa nayo mkononi ndipo nitajua kama naondoka."

Sajini ndiye aliyempeleka kuichukua. Aliporudi, karatasi ya kufungia jalada ilikuwa inamngoja, na mwisho wake kuna nafasi ya mapendekezo ya mpelelezi. Askari wengi huandika *hakuna*. Yeye aliandika kwanza jina lake mwenyewe, tarehe, na aliyoyasema kwa msusi. Kisha akaandika:

Ya kuepuka.

Epuka kusema "ndivyo wanavyosema" kama huwezi kumtaja aliyesema.

Epuka kumweka mtumishi mahabusu kabla hujamhoji mwenye nyumba kwa kirefu.

Epuka kukaa na pasipoti ya mtu.

Epuka kumwuliza mungu tena swali ambalo ameshalijibu.

Epuka kumsimulia mtu ulivyoinuka bila kumtaja aliyekuinua.

Epuka kumtamani mwenzako alichonacho kabla hujamwuliza kama anakifurahia.

Epuka kupokea sifa inayolipwa na mtu mwingine.

Epuka kumwambia aliyelala sakafuni siku mbili kwamba yamekwisha. Mwache aseme yeye.